Vita vya Handaki na Fadhila ya Kuweka Masurufu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu tulikuwa tukisoma khabari za vita vya Ahzab, navyo ndivyo viitwavyo pia vita vya Khandaq. Tulipofika mahali pa upepo, mzee wetu mmoja, mtu wa kheri na wa ibada, alisema: "Basi taabu yote ile ya kuchimba na kubeba udongo ilikuwa ya nini? Mwenyezi Mungu aliwafukuza maadui kwa upepo. Lau Waislamu wangalikaa msikitini wakaomba, upepo ungalikuja vile vile." Watu kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Tukaona jambo hili lafaa kuandikwa, kwani si neno la mzee mmoja tu. Ni neno lililokaa katika nyoyo za wengi wetu, na madhara yake twayaona majumbani mwetu na mitaani mwetu.

Kwanza na tuitazame hali ilivyokuwa. Katika mwezi wa Shawwal mwaka wa 5 wa Hijra, uliosadifu mwaka 627 kwa hisabu ya Miladia, Makureshi wa Makka pamoja na makabila ya Ghatafan na wenzao walikusanya jeshi la watu 10,000 kuuendea mji wa Madina. Waislamu walikuwa kiasi cha 3,000. Makureshi peke yao walikuwa 4,000, nao walikuja na farasi 300 na ngamia 1,500. Mwenye kuisoma hisabu hii kwa haraka huona watu watatu na zaidi juu ya kila Mwislamu mmoja, moyo wake ukaingia khofu. Lakini mwenye kuisoma kwa utulivu huona na jambo jingine. Huona vinywa. Vinywa 10,000 vya watu, na vya wanyama juu yake, vimewekwa mbali na kwao katika nchi kavu, na kila kinywa chataka kulishwa kila siku, ipigwe vita siku hiyo au isipigwe.

Na tuwatazame farasi peke yao. Farasi mmoja ahitaji kiasi cha kilo 10 za chakula kwa siku, nafaka na majani pamoja. Farasi 300 basi watakula kilo 3,000, yaani tani 3, kila lichwapo jua. Kwa siku 20 ni tani 60. Na ngamia, kwa safari ndefu, hubeba kiasi cha kilo 150 hadi 200. Kwa hivyo chakula cha farasi hao tu, kwa siku 20, ni mzigo wa ngamia 300 hadi 400, kabla hakijapakiwa hata kibaba kimoja cha unga wa askari. Na ngamia hao nao watakula nini? Hapo ndipo penye siri ya vita hivi, nayo ni siri ambayo hutaiona ukiwa watazama panga tu.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika vita vya Uhud mwaka wa 3 wa Hijra, Makureshi walipofika karibu na Madina waliyakuta mashamba yangali na mimea. Wakawaachia wanyama wao humo, wakala mazao ya Ansari mbele ya macho yao. Ansari walikasirika mno, na kukasirika huko kulikuwa ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wengi watake kutoka nje kupigana wala wasingojee ndani ya mji. Angalieni basi: adui alikuja akalishwa na shamba la yule yule aliyekuja kumpiga, na shamba hilo hilo likamvuta mwenyewe kutoka mahali pake pa salama.

Lakini mwaka wa Khandaq mambo hayakuwa hivyo. Wapokezi wa sira wamesimulia kwamba mavuno yalikuwa yamekwisha kiasi cha mwezi mmoja kabla, na watu wameingiza nafaka yao na majani makavu ndani ya mji. Makureshi walipofika hawakukuta kitu mashambani. Farasi wao walikula nafaka waliyokuja nayo tu. Ngamia waliachiwa katika vichaka vya miti ya jangwani nje ya mji, nao wakakonda mpaka wakakaribia kufa. Kabla mshale mmoja haujatupwa, vita vilikuwa vimekwisha anza kupiganwa katika ghala za Madina, na waliovianza ni wakulima waliovuna na kubeba, wanaume kwa wanawake, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Jambo la pili ni handaki lenyewe, na neno letu la Kiswahili "handaki" asili yake ni hiyo khandaq. Watu wa kabila la Khuza'a walipanda ngamia wakafika Madina kwa siku nne kumpa Mtume, sala Llahu alayhi wa salam, khabari ya jeshi lijalo. Khabari iliyokuja mapema nayo ni masurufu, kwani huwapa watu siku, na siku hazinunuliki. Mtume akawashauri sahaba zake, na Salman al-Farsi akataja desturi ya watu wa Fursi ya kuchimba handaki. Rai ile ikakubaliwa. Haikukataliwa kwa kuwa yatoka kwa wageni, wala hakusema mtu kwamba mababu hawakuifanya.

Madina pande zake nyingi zilikuwa zimekingwa na mawe meusi ya volkano, na mitende iliyosongamana, na nyumba zilizoshikana. Upande wa kaskazini tu ndio uliokuwa wazi, na huo ndio uliochimbwa. Kila watu kumi walipewa dhiraa 40 za kuchimba, na kwa siku kama sita kazi ikaisha. Sururu na makoleo na vikapu havikutosha, wakaazima vingine kwa Banu Quraydha waliokuwa wakati huo wangali katika mapatano nao. Mtume mwenyewe alibeba udongo mpaka ngozi ya tumbo lake ikafunikwa na vumbi.

Nao walikuwa na njaa. Msidhani kwamba kuwa na ghala ni kuwa na shibe. Mwaka ule ulikuwa wa dhiki na baridi, na kilichokuwamo kilitakiwa kiutoshe mji mzima kwa muda usiojulikana mwisho wake. Amepokea Anas, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba wachimbaji waliletewa konzi ya shayiri iliyopikwa kwa mafuta yaliyokwisha kuharibika, yenye harufu mbaya na kukwama kooni, wakala. Na Jabir bin Abdillahi alimuona Mtume amefunga jiwe tumboni kwa njaa. Akaenda kwa mkewe akamuuliza ana nini nyumbani, akamtolea kiasi cha pishi moja ya shayiri na mwana wa mbuzi. Jabir alikusudia kumualika Mtume na watu wachache. Mtume akawaita wachimbaji wote, na ile ikawa ni miujiza yake: walikula wote wakashiba, na chungu kingali kinatokota.

Hadithi hii twaipenda, na twaisoma kwa machozi. Walakini kuna jambo ndani yake tulipitalo haraka. Mtume aliwaambia watu waingie wala wasisongamane. Akawa yeye mwenyewe ndiye amegaye mkate, akitia nyama juu yake, akifunika chungu na tanuri kila achukuapo, mpaka mtu wa mwisho akapata. Hata katika chakula cha miujiza palikuwa na mpango, na palikuwa na mgawaji mwaminifu, na hapana aliyetangulizwa kwa cheo chake. Leo twataka baraka ya chungu cha Jabir, na mpango wa chungu kile hatuutaki.

Jambo la tatu ni adui mwenyewe na kilichomleta. Ghatafan hawakuja kwa ajili ya masanamu ya Makka. Waliahidiwa tende za Khaibar. Basi Mtume, alipoona dhiki imewazidi watu wake, alifikiri kuwapa Ghatafan thuluthi ya tende za Madina ili warudi kwao. Akawashauri mabwana wawili wa Ansari, Sa'd bin Mu'adh na Sa'd bin Ubada. Wakauliza kama hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu ama ni huruma yake juu yao. Walipojua ni huruma tu, walikataa. Walisema kwamba tangu zama za ujahili watu hao hawakupata kula tende ya Madina ila kwa kukirimiwa au kwa kununua, sembuse leo baada ya Mwenyezi Mungu kuwatukuza kwa Uislamu. Maneno hayo ni ya ushujaa, na ni haki tuyasifu. Lakini mwenye ghala tupu hawezi kuyasema. Wazee wetu wamesema mwenye njaa hana miiko. Waliweza kuilinda heshima yao kwa sababu tende zilikuwa ndani, mikononi mwao.

Kisha ikaja hatari iliyo kubwa kuliko zote. Banu Quraydha, waliokaa upande wa nyuma ya mji, walivunja mapatano wakaungana na jeshi la nje. Tazameni maana yake. Mbele pana handaki, na nyuma pamefunguka mlango, si wa askari tu bali wa chakula pia. Imesimuliwa katika vitabu vya sira kwamba ngamia 20 waliopakiwa shayiri na tende na majani walitoka kwa Banu Quraydha kuwapelekea Makureshi, na kikosi cha Waislamu kikawakamata njiani, shehena ile ikaingia mjini ikawafaa waliozingirwa. Mzigo mmoja ukafanya kazi mara mbili: ulipungua kwa wenye kuzingira, ukaongezeka kwa wenye kuzingirwa. Mtume naye aliwatoa watu 500 katika wale 3,000, akawaweka makundi mawili, la watu 200 na la watu 300, kulinda nyumba na jamaa zilizo nyuma. Kuwapunguza watu wa mbele wakati adui yuko mbele si jambo jepesi. Lakini alijua kwamba handaki halina faida ikiwa mji ulioko nyuma yake umepotea.

Hapo ndipo alipokuja Nu'aym bin Mas'ud, mtu wa Ghatafan aliyesilimu kwa siri, akatia shaka baina ya Banu Quraydha na Makureshi. Hawa wakataka wapewe watu wa rehani, wale wakakataa, na kila kundi likamuona mwenziwe ndiye mkhini. Na kwa nini hila yake ikafanikiwa upesi hivyo? Kwa sababu iliwakuta watu waliokwisha kuchoka. Makureshi walipotuma ujumbe kwa Banu Quraydha kuwahimiza wapigane, hoja yao ilikuwa kwamba hawako mahali pa kukaa, na farasi na ngamia wao wanaangamia. Njaa haingojwi, na mwenye kuharakishwa na njaa humshuku kila amchelewaye.

Sasa na tufike kwenye upepo, ambao kwa ajili yake tuliandika haya yote. Zaidi ya siku 20 zilikwisha kupita. Usiku mmoja wa baridi kali na tufani, Mtume alimtuma Hudhayfa bin al-Yaman aingie ndani ya kambi ya adui amletee khabari. Hudhayfa akaingia gizani, akakaa miongoni mwao, akamsikia Abu Sufyan mwenyewe akiwahutubia watu wake kuwaambia waondoke. Nawaomba, ndugu zangu, mtazame mpango wa maneno ya Abu Sufyan kama alivyoyapokea Hudhayfa. Alianza kwa kusema kwamba hapo si mahali pa kukaa. Akasema kwamba farasi na ngamia wameangamia. Kisha akasema kwamba Banu Quraydha wamewakhini. Na baada ya hayo yote, mwisho, ndipo alipoutaja upepo, kwamba hauwaachii chungu kitulie, wala moto uwake, wala hema isimame. Halafu akapanda ngamia wake.

Basi yule aliyeshindwa alizitaja sababu za kushindwa kwake kwa mpango, na malisho yalikuwa ya kwanza na upepo ulikuwa wa mwisho. Sisi hatuukanushi upepo. Upepo ule, na majeshi yasiyoonekana, yametajwa katika Sura ya Al-Ahzab, na asiyeyaamini hana imani. Lakini upepo ulivuma juu ya pande zote mbili za handaki. Waliokuwa nje uliwakuta na wanyama waliokufa, na marafiki waliotengana, na chungu kisicho na kitu cha maana ndani yake. Waliokuwa ndani uliwakuta wana kuta, na nafaka yao, na ndugu zao. Mwenyezi Mungu alileta nusura yake kwa watu waliokwisha kumaliza kazi waliyoamrishwa. Na vita vile vikubwa, vilivyokusanya watu 13,000 kwa pande mbili, waliouawa humo kwa hisabu ya Ibn Ishaq ni Waislamu sita na maadui watatu. Si upanga ulioamua. Na baada yake Mtume aliwaambia sahaba zake kwamba tangu siku hiyo Makureshi hawatawajia tena, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Huenda mtu akasema: maneno haya yapunguza tawakkul. Twamjibu kwamba yanaipa maana yake. Mtume alimuamrisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee. Nabii Yusuf aliletewa ilimu ya miaka ya njaa kwa wahyi, na pamoja na hayo aliweka nafaka katika masuke yake miaka saba. Bibi Maryam, naye yuko katika uchungu wa kuzaa, aliambiwa alitikise shina la mtende ndipo tende zimuangukie. Je, Mola aliyeweza kuumba mtende hakuweza kuangusha tende bila ya mkono dhaifu wa mzazi? Aliweza. Lakini alitaka tujue kwamba mkono wataka kunyoshwa.

Na khabari za kinyume chake hatuhitaji kwenda mbali kuzitafuta, kwani sisi watu wa Mombasa twapita kando yake kila siku. Ile Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina kuta ambazo hata leo zingali zimesimama. Majeshi ya Imamu wa Oman, Seif bin Sultan, yaliizingira tangu Machi 1696 mpaka Disemba 1698, karibu miaka mitatu. Kuta hazikuanguka. Kilichoanguka ni kilichokuwa ndani yake. Msaada wa Wareno ulitoka Goa, ng'ambo ya bahari, na marikebu za kutoka huko zilitegemea msimu wa kaskazi. Upepo ukipita, wamepitwa na mwaka. Disemba 1696 ulifika msaada, lakini maradhi yaliingia ngomeni, na katika mwaka 1697 yakawamaliza karibu wote waliokuwamo. Ngome ilipochukuliwa Disemba 1698 walinzi waliosalia walikuwa wachache mno. Na siku chache baadaye marikebu nyingine za msaada zikatokea baharini, zikakuta bendera nyekundu ya Oman yapepea juu ya ukuta. Zilikuwa na watu na zilikuwa na chakula. Zilikosa siku chache tu.

Basi tuna ukuta wa mawe uliopotea kwa kukosa masurufu, na tuna shimo la udongo lililouokoa mji kwa kuwa nyuma yake palikuwa na masurufu na watu waliogawana kwa haki. Mwenye akili azingatie.

Ndugu zangu, hatuandiki haya ili mtu ashike upanga. Sisi hatuna Ahzab nje ya mji. Tuna maadui wengine wasiopiga mbiu: maradhi, na deni, na moto, na ujinga, na kufiwa na mlezi. Hao ndio watuzingirao. Na Mtume ametufundisha kwamba mwenye kumuandalia zana mwenye kwenda kupigana, naye huhisabiwa amepigana. Kwa hivyo mwenye kuweka na kulinda na kugawa, yuko katika safu.

Mwezi uliopita moto uliteketeza nyumba tatu katika mtaa wetu. Usiku ule msikiti ulijaa watu, dua zikasomwa mpaka karibu na alfajiri, na Mwenyezi Mungu azitakabali. Asubuhi tulilifungua sanduku la mtaa. Fedha zilizokuwamo hazikutosha kununua magodoro ya jamaa moja. Na mwaka huo huo, watu wa mtaa huo huo, tulikwisha kuchanga mara nne kwa ajili ya pilau za harusi na karamu za matanga, na kila mara tulipata zaidi ya tulichotaka, na kingine kikamwagwa. Mimi niandikaye haya ni mmoja wa walioaminiwa ufunguo wa sanduku lile. Nilijua kuwa ni jepesi, kwani nililiinua kwa mkono wangu mwezi wa Ramadhani, na sikusema neno, nikasema moyoni kwamba Mungu ataleta. Mzee wangu yule wa darsani alilisema kwa ulimi wake. Mimi nililitenda.

Twashauri basi mambo matatu, nayo ni mepesi. Kila nyumba itenge kitu kila wiki, hata kikiwa kidogo, kwani haba na haba hujaza kibaba. Ufunguo wa sanduku usiwe mkononi mwa mtu mmoja, bali uwe kwa watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja. Na hisabu isomwe mbele ya watu kila mwezi baada ya sala ya Ijumaa, iingiayo na itokayo, ili asiwepo Nu'aym wa kututilia shaka baina yetu. Mavuno ya Madina yaliingizwa mwezi mmoja kabla ya adui kutokea. Msiba nao haupigi hodi.

Tulipomaliza kuisoma khabari ya Hudhayfa katika darsa iliyofuata, mzee wetu alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na hilo sanduku, sasa lina kiasi gani?" Tukamtajia. Akatoa kitambaa chake, akafungua fundo, akahisabu alichokuwa nacho, akakiweka juu ya mkeka mbele yetu, akasema, "Sasa ombeni."

Ewe Mola wetu, tujaalie miongoni mwa wenye kuchimba kabla ya kuzingirwa, na wenye kuweka kabla ya kuhitaji, na wenye kugawa kwa uadilifu. Usitujaalie kuwa watu wa kungojea upepo nasi mikono tumeikunja. Warehemu waliofikwa na msiba katika mji wetu, na utie baraka katika kidogo chetu kama ulivyotia katika chungu cha Jabir. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.